Wikipedia ilivyozipangia roboti njia

Chukua makala moja ya Wikipedia yenye matoleo 500. Kila toleo la zamani lina anwani yake. MediaWiki, programu inayoendesha tovuti hiyo, humruhusu pia msomaji kulinganisha toleo lolote na jingine, na kila ulinganisho una anwani yake: jozi 124,750. Bado hatujahesabu kurasa za kuhariri na za historia. Makala ambayo msomaji anaihitaji mahali pamoja tu inazaa anwani zaidi ya laki moja, nyingi zikirudia maneno yaleyale.

Roboti ya injini ya utafutaji haina namna ya kulijua hilo mapema. Kazi yake ni kufuata kila kiungo inachokikuta. Ikiachiwa, itapoteza muda kwenye matoleo ya miaka iliyopita huku makala mpya zikingoja, na seva italemewa kwa kutengeneza kurasa zisizosomwa na mtu. Wenye tovuti wengi wakisikia habari za kuonekana Google hukimbilia maneno muhimu na vichwa vya habari. Wikipedia ilianzia kwenye anwani, na naamini ndiko kila tovuti inapaswa kuanzia.

Makala zote zimewekwa chini ya /wiki/, kama sw.wikipedia.org/wiki/Kiswahili. Shughuli za uhariri, yaani kubadilisha maandishi, kufungua historia na kulinganisha matoleo, hupitia /w/index.php. Mpangilio huo ukishasimama, faili la robots.txt, linalozieleza roboti mahali zisipopaswa kuingia, linahitaji mstari mmoja mfupi, Disallow: /w/, na zile anwani laki moja zinafungwa kwa pamoja. Kama makala na zana zingechanganywa chini ya njia moja, ingebidi kuandika kanuni kwa kila aina ya ukurasa. Tunaliona hilo palepale Wikipedia: kurasa maalumu, kama ule wa kutafuta, ziko chini ya /wiki/, kwa hiyo faili hilo limelazimika kuzitaja kando, tena kwa lugha mbalimbali, Special kwa Kiingereza na Spezial kwa Kijerumani.

Utaratibu wa robots.txt ulianzishwa mwaka 1994 na Martijn Koster, mhandisi Mholanzi, na ukachapishwa kama kiwango kinachopendekezwa cha intaneti, RFC 9309, Septemba 2022. Ni ombi tu, halina kufuli. Roboti zenye adabu hulitii. Zisizo na adabu hupita.

Tovuti nyingi hukwama kwenye tofauti kati ya kuzuia roboti isiingie na kuzuia ukurasa usiorodheshwe. Robots.txt hufanya la kwanza tu. Ukurasa uliozuiwa humo unaweza bado kutokea kwenye matokeo ya utafutaji, bila maelezo yoyote, kwa sababu tovuti nyingine imeuwekea kiungo na injini imeijua anwani yake. Ili usiorodheshwe, unahitaji agizo la noindex ndani ya ukurasa wenyewe, na roboti haiwezi kulisoma agizo hilo isipoingia. Anayeweka vyote viwili kwa pamoja amelificha agizo lake mwenyewe. Wikipedia imevitenganisha vizuri: rasimu katika Wikipedia ya Kiingereza ziko chini ya /wiki/, roboti inazifikia, inakuta noindex, inaondoka. Kwa hiyo kama ukurasa wako umeshaorodheshwa na unataka utoke, ondoa kizuizi cha robots.txt kwanza, weka noindex, kisha subiri roboti irudi.

Kuna pia tatizo la kitu kimoja kuwa na majina mengi. Anayefungua /wiki/UK katika Wikipedia ya Kiingereza huletewa makala ya United Kingdom. Ndani ya ukurasa huo mna kiungo cha canonical kinachoieleza injini anwani ipi ndiyo rasmi. Google, Yahoo na Microsoft walitangaza kukubali alama hiyo Februari 2009. Duka la mtandaoni ambalo bidhaa yake moja ina anwani tofauti kwa kila rangi na kila mpangilio wa bei linaihitaji kuliko hata Wikipedia.

Ramani ya tovuti, yaani faili la XML linaloziorodheshea injini anwani za tovuti, zisizozidi 50,000, inasaidia, lakini haichukui nafasi ya viungo. Makala za Wikipedia zimeungana kwa maneno yaliyomo ndani ya aya na kwa kurasa za Jamii, na upo ukurasa maalumu unaowaorodheshea wahariri makala zisizoungwa na nyingine yoyote, ili wazishughulikie.

Jambo la mwisho ni maandishi yenyewe. Seva ya Wikipedia hutuma makala nzima ikiwa HTML iliyokamilika. JavaScript ikizimwa, bado inasomeka. Na ndani ya lile eneo lililofungwa la /w/ umeachwa upenyo: load.php, inayotoa mitindo na msimbo wa JavaScript wa ukurasa, imeruhusiwa waziwazi, kwa kuwa Google huuchora ukurasa kama kivinjari kinavyofanya, na tangu mwaka 2014 imekuwa ikiwashauri wenye tovuti wasiyafungie mafaili hayo. Kwetu Afrika Mashariki inauma kuona tangazo la kazi au la zabuni likiwekwa kwenye tovuti kama picha ya karatasi iliyopigwa muhuri, bila hata sentensi moja ya maandishi pembeni. Mwananchi anayetafuta tangazo hilo kwa maneno yake ya Kiswahili huenda asilipate kamwe. Kuliandika upya kama maandishi ya kawaida, chini ya anwani isiyobadilika, ni kazi ya dakika chache.