Kamera katika chumba cha ofisa probesheni

Kazi kubwa ya ofisa probesheni ni mazungumzo: yeye na mtu anayetumikia adhabu nje ya gereza, wameketi wakijadili ajira, pombe, ndoa na kosa lililomfikisha mahakamani. Ila jaladani hubaki mstari mmoja tu, kwamba mhusika alifika na atarudi tarehe fulani. Ofisa akitaka kuchunguza kama kazi yake inazaa matunda, hana pa kuanzia. Jersey, kisiwa cha watu wapatao laki moja karibu na pwani ya Ufaransa, kilipata pa kuanzia.

Msingi ulikuwa kumbukumbu. Tangu katikati ya miaka ya 1990, maofisa wa huko walikuwa wakijaza LSI-R, dodoso linalopima uwezekano wa mtu kurudia kosa kwa kuangalia historia yake ya makosa, kazi, familia, marafiki na ulevi. Lilijazwa kama sehemu ya kazi ya kila siku. Utafiti ulipokuja, data zilikuwa tayari.

Hatua ya pili ilikuwa kamera. Maofisa waliojitolea walirekodi mahojiano yao, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Swansea, Peter Raynor, Pamela Ugwudike na Maurice Vanstone, wakayatazama. Raynor na Vanstone waliwahi kuwa maofisa probesheni wenyewe, kwa hiyo walijua cha kutafuta. Walitumia orodha ya mambo yanayoonekana au kusikika: je, ofisa alisikiliza? Alitumia mamlaka yake bila vitisho? Alimsaidia mhusika kuligawa tatizo lake na kupanga hatua? Ukimwuliza mtazamaji kama ofisa ni "mzuri", kila mmoja atakuwa na jibu lake. Ukimwuliza kama mpango wa wiki ijayo ulitajwa, wawili watakubaliana kirahisi zaidi.

Matokeo ya mwaka 2014 yalishangaza. Miongoni mwa waliosimamiwa na maofisa wenye alama za juu katika orodha hiyo, asilimia 26 walitiwa hatiani tena ndani ya miaka miwili. Kwa wenye alama za chini, asilimia 58. Uchambuzi wa alama ulionyesha pia kwamba stadi za kujenga uhusiano walikuwa nazo wengi. Tofauti kubwa zaidi ilikuwa katika kuyapa mazungumzo mwelekeo: kuchambua tatizo na kumfundisha mtu njia nyingine ya kufikiri. Ukarimu peke yake haukutosha.

Hata hivyo, takwimu hizo zisomwe kwa tahadhari. Maofisa walikuwa wachache, na waliosimamiwa hawakugawanywa kwa kura. Huenda ofisa hodari alipewa watu wepesi. Hapo ndipo alama za LSI-R zinapokuwa na thamani, kwa kuwa zinamwezesha mtafiti kulinganisha walivyokuwa watu hao mwanzoni.

Ofisi inayotaka maofisa wake wafanye utafiti wao wenyewe haihitaji kuanza na kamera. Chukua adhabu ya huduma kwa jamii: Tanzania ina Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, na Kenya ina yake ya 1998. Kote huko, adhabu hiyo ni mbadala wa kifungo kisichozidi miaka mitatu. Daftari la mahudhurio ya wanaoitumikia linaweza kujibu swali dogo lenye manufaa: wanaoacha kufika huacha wiki ya ngapi, na nini kilitangulia?

Penye ugumu ni ridhaa. Anayeombwa kukubali kushiriki utafiti yuko mbele ya mtu anayeweza kumrudisha mahakamani. "Ndiyo" yake inaweza kuwa woga. Ni heri ombi litolewe na mtu asiyemsimamia, na aelezwe waziwazi kwamba kukataa hakutaingia kwenye ripoti yake. Ofisa naye anastahili kinga. Rekodi ya utafiti ikitumika hata mara moja kumwadhibu, hakuna atakayejitolea tena, au wote watarekodi mahojiano yao bora tu.

Mwisho ni muda. Mkuu wa kituo anayemhimiza ofisa afanye utafiti huku akimwachia majalada yaleyale amempa kazi ya usiku. Apunguziwe majalada, apewe mwenzake wa kukagua alama zake, na apangiwe siku ya kusoma matokeo mbele ya kituo kizima. Vikikosekana hivyo, semina za mbinu za utafiti zitatoa vyeti tu.