Tovuti za Serikali za Mitaa: Zasema na Nani?

Sisi walimu tumezoea kuhakiki riwaya na mashairi. Safari hii natutazame maandishi ya namna nyingine, yale ambayo serikali za mitaa huyaweka katika tovuti zao. Nayo yana mwandishi na yana msomaji, hivyo yapasa kupimwa: je, aliyekusudiwa anayaelewa, na akiisha kuyaelewa aweza kutenda?

Tuanze na jirani zetu wa Tanzania, maana huko ndiko Kiswahili kilikopewa kazi hiyo kwa ukamilifu. Mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri zilizinduliwa kwa pamoja, zikiwa za mtindo mmoja, hata aliyeizoea moja hapotei katika nyingine. Humo mzazi aweza kusoma majina ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza bila ya kupanda gari hadi wilayani. Hilo ni jambo kubwa, wala sioni haya kulisifu.

Lakini mtazame anayetaka kufungua duka. Hulakiwa kwanza na picha za viongozi, kisha dira, kisha dhima, kisha habari za ziara ya mgeni rasmi. Afikapo penye leseni, mara nyingi huambiwa afike ofisini kwa maelezo zaidi. Kumbe ofisini ndiko alikokuwa akikwepa nauli ya kwenda! Na Kiswahili chenyewe kimevalishwa suti. Pahali pa kusema "tutakusanya ushuru", huandikwa "utekelezaji wa zoezi la ukusanyaji wa mapato". Vitenzi vimegeuzwa majina, na mtenda ametoweka. Nani alipe? Kiasi gani? Lini? Alipe wapi? Tangazo lisilojibu maswali hayo halijaandikwa bado, hata likiwa na nembo na muhuri.

Kenya ina sheria nzuri. Katiba ya 2010 yataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yazitaja tovuti miongoni mwa njia za kuwapasha wananchi habari, sawa na redio na mikutano ya hadhara. Hata hivyo tovuti za kaunti, kwa sehemu kubwa, zasema Kiingereza. Bajeti huwekwa hapo kwa kurasa nyingi za tarakimu, kisha mwananchi aalikwa kutoa maoni. Atatoa maoni gani juu ya asichoweza kukisoma?

Sisi wa Uganda hatuna la kujitapa. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, lakini tovuti za wilaya zetu zaendelea kwa Kiingereza. Mchuuzi wa Arua, ambaye Kiswahili ndicho anachouzia na kununulia, hana lake humo. Wala dawa si kutafsiri Kiingereza cha ofisi neno kwa neno, kwani tutapata zile suti za Tanzania, tena zilizoshonwa vibaya.

Kazi hii twaweza kuianza darasani. Wanafunzi wa sekondari na wapewe tangazo moja la halmashauri, waliandike upya kwa sentensi sita, kisha wamsomee mtu wa sokoni. Akiuliza swali, sentensi iliyolisababisha irudiwe.