Ufundi wa Kufunga Vifurushi

Programu huria inaweza kuwa imeandikwa kwa ustadi na bado isimfikie mtumiaji. Katika Debian, mfumo wa Linux ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, anayeifikisha ni mfungaji wa vifurushi, ambaye kwa kawaida hujitolea na jina lake halijulikani sana.

Mfungaji huongeza kwenye msimbo wa mwandishi folda moja iitwayo debian. Ndani yake, faili la control hutaja maktaba ambazo programu inazitegemea, na lile la rules hueleza namna ya kuijenga. La copyright ndilo linalochosha kuliko yote, na pengine ndilo la heshima zaidi: huandikwa baada ya kupekua msimbo faili kwa faili ili kujua nani anamiliki nini na kwa leseni gani. Mwandishi aliyesahau kuweka leseni mara nyingi huzinduliwa na mfungaji.

Kisha huja kazi ya kuondoa nakala za maktaba za watu wengine zilizopachikwa ndani ya programu. Debian hupendelea maktaba moja itumiwe na wote, ili tundu la usalama likigunduliwa lizibwe mara moja tu. Programu hujengwa pia kwenye mitambo ya aina nyingi, ikiwemo s390x inayopanga baiti kinyume na kompyuta za kawaida, na huko huibuka makosa ambayo mwandishi asingeyaona mezani kwake.

Kila kosa huzaa kiraka, yaani badiliko la kurekebisha msimbo, na hapo ndipo ufundi hupimwa. Kiraka kinachobaki Debian peke yake hukosa macho ya wanaoujua msimbo kwa undani. Badiliko dogo lililofanywa mwaka 2006 katika toleo la Debian la OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, lilifanya funguo za siri ziweze kukisiwa, na kasoro hiyo haikutangazwa hadi Mei 2008. Ndiyo maana mfungaji hodari humrudishia mwandishi viraka, humweleza sababu kwa subira, na hufurahi folda yake inapozidi kuwa nyembamba.

Asiye na ruhusa ya kupakia kifurushi hutafuta mdhamini, yaani msanidi wa Debian anayekikagua na kukipakia kwa niaba yake. Kikikubaliwa, kwa kawaida huingia pia Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian tangu 2004.