Gari Likilala

Shangazi yangu wa Kawangware ana matatu tatu kwenye ruti ya 46, na daftari moja lenye madoa ya chai. Kila ukurasa una safu mbili: siku gari lilipolala gereji, siku lilipotoka. Mimi hulipwa mshahara Westlands kwa kuigiza jambo hilo hilo kwenye kompyuta, kwa lifti na majenereta ya maghorofa ya mjini, na sijawahi kuletewa takwimu safi kama zake.

Kwa wastani gari lake hukimbia siku 40, kisha hulala 2. Gawanya 40 kwa 42: asilimia 95. Nilipomtajia aliguna.

"Hiyo asilimia nitailipia karo, mwanangu?"

Alikuwa na haki. Wastani haujui foleni ya gereji.

Nikaomba dadu ya ludo ya watoto. Kila duru ni wiki moja, kila gari linatupiwa mara moja. Ikija sita, limelala, maana siku 42 ni wiki sita. Tukatupa, yeye akiandika. Wiki ya saba zikaja sita mbili, na fundi wetu ni mmoja. Shangazi akaweka kalamu chini. Kwa hesabu, wiki za namna hiyo ni karibu 4 kwa mwaka, na zote zimejificha ndani ya ile asilimia 95.

Mwanahisabati Stanislaw Ulam aliliwaza hili mwaka 1946, akiwa anapona ugonjwa huko Marekani na kucheza karata peke yake: badala ya kukokotoa nafasi ya kushinda, si heri ucheze mara mia uhesabu? Ndiyo raha ya kazi hii. Unaharibu gari mara elfu, na hakuna abiria hata mmoja aliyeachwa kwenye mvua Naivasha Road.

Ila dadu husahau, klachi haisahau. Sita ya jana haiongezi sita ya leo, lakini kila msongamano wa Valley Road unaacha alama yake kwenye klachi. Hapo dadu haitoshi. Inabidi umri wa kila kipuri uingie kwenye hesabu. Inabidi pia uzipasue zile siku 2. Tulipomuuliza fundi, kufungua na kufunga klachi kulimchukua saa nne. Muda uliobaki gari lilikuwa juu ya mawe, likingoja spea.

Jumamosi shangazi alinituma Kirinyaga Road nikanunue klachi mbili. Moja ilifungwa jioni hiyo. Ya pili iko chini ya kitanda chake, ndani ya gazeti.