Kiti Kiliniacha Hewani: Siku Nzima Cedar Point

Sizunguki mbuyu. Steel Vengeance ndiyo rolakosta bora kuliko zote nilizowahi kupanda, na aliyepanda iliyo bora zaidi aje tubishane, chai nitalipa mimi. Sauti imenikauka, mapaja yananiuma pale chuma kilipokuwa kinanizuia nisiende zangu mbinguni, na bado ukiniambia foleni iko wazi nitaondoka mbio nikuache hapo hapo na maneno yako mdomoni.

Tuko Cedar Point, mjini Sandusky, jimbo la Ohio, Marekani. Ni ulimi wa ardhi ulioingia ndani ya Ziwa Erie, maji huku na maji kule, na katikati vyuma vimejipinda mpaka anga lote limejaa mistari. Unaanza kuviona ukiwa bado ng'ambo ya maji. Mpwa wangu, aliyekulia Ohio na anayepajua hapa kuliko shule aliyosoma, alikuwa ananionyesha kwa kidole tangu kwenye gari. "Mjomba, ile ya buluu ni Millennium Force. Ule mnara mrefu ni Top Thrill 2. Usiuangalie sana, utakosa hamu ya kula." Nikauangalia. Mita 128! Nani alikaa ofisini akaona hiyo ni fikra nzuri?

Mahali penyewe ni pa siku nyingi. Watu walianza kuja kustarehe kwenye fukwe hizi mwaka 1870, na rolakosta ya kwanza, Switchback Railway, ikafika 1892. Kimo chake kilikuwa mita saba na nusu hivi, na mwendo wake kilomita 16 kwa saa. Kijana mwenye baiskeli na haraka zake angeipita. Wanawake wenye magauni marefu walipanda, wakapiga kelele, wakarudi kwenye foleni. Ugonjwa wetu una historia.

Sasa nirudi kwenye Steel Vengeance, maana sijamaliza. Sijaanza, hata.

Kwanza ujue ilikotoka. Mwaka 1991 hapa ilijengwa rolakosta kubwa ya mbao, Mean Streak. Ilikaa mpaka 2016, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo ilivyozidi kutikisa watu mpaka meno. Wengine wangeivunja wakachoma kuni. Badala yake waliitwa mafundi wa Rocky Mountain Construction kutoka Idaho, jamaa ambao kazi yao kubwa ni kufufua maiti za mbao. Wakaacha msitu wa nguzo, wakang'oa njia ya zamani na kulaza reli za chuma. Ikafunguliwa upya 2018: kimo mita 62, mwendo kilomita 119 kwa saa, mara nne miguu juu kichwa chini, na mteremko wa kwanza wa nyuzi 90. Nyuzi 90, ndugu msomaji. Wima. Ukidondosha punje ya karanga na wewe ukateremka, mnakwenda njia moja.

Chuma kilikuja mapajani kikalia tik, tik, tik. Mhudumu, binti mwembamba wa miaka kama ishirini, akakisukuma kwa kiganja, akakivuta juu kuhakikisha, akapita kwa mwenzangu bila hata kututazama usoni. Alikwisha kuona nyuso za woga za kutosha. Treni ikatoka, ikarukaruka kwenye vilima vidogo vya kuonja, ikashika mnyororo. Juu kule treni ikapita kilele polepole, nikaona ziwa, nikaona paa za vibanda, halafu nikaona ardhi moja kwa moja mbele ya pua yangu.

Kilichofuata sikiwezi kukipanga. Mlima, nikapaa. Kona iliyolalia upande usiotakiwa, nikapaa kwa ubavu. Kichwa chini. Breki za katikati zikatudanganya kwamba yamekwisha, watu wakaanza kupumua, kumbe treni inazama ndani ya zile nguzo za mbao, na humo ndimo wazimu wenyewe ulimo! Vilima vidogo, kimoja baada ya kingine, bila nafasi ya kumeza mate, huku mbao zikipita juu ya kichwa karibu mno hata nikakunja shingo. Kiti kiko chini, mimi niko juu, na kinachotuunganisha ni kile chuma cha mapajani tu. Walipoizindua walitangaza zaidi ya sekunde 27 za namna hiyo katika safari moja. Sekunde 27 bila uzito! Tulipofika kituoni mzee mmoja mbele yangu, mwenye mvi na kofia mkononi, alikuwa anapiga makofi peke yake.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu ndipo nilipo na neno. Matangazo ya rolakosta yanashindana kwa kimo na kasi. Hii ndefu kuliko ile, ile ina mbio kuliko hii. Mimi baada ya kuzunguka Cedar Point kutwa nzima nasema swali la kuuliza ni moja: inakutoa kitini mara ngapi? Wewe umepanda daladala, umekaa kiti cha nyuma kabisa, dereva hakuona tuta. Ile nusu sekunde ambayo matako yameachana na kiti na tumbo limebaki nyuma, ndiyo hiyo. Treni inapopita kilele kwa kasi, reli inainama kwenda chini upesi kuliko mwili unavyoweza kuanguka wenyewe. Mwili unataka kuendelea na safari yake ya juu. Chuma cha mapajani kinasema hapana.

Na kwa nini treni nayo isiruke ikaacha reli? Ukichungulia chini ya behewa utaona magurudumu ya aina tatu: yanayokanyaga reli juu, yanayoibana ubavuni, na yanayoikumbatia kwa chini. Hayo ya chini aliyawekea hataza Mmarekani John Miller mwaka 1919. Kabla ya hapo wajenzi walilazimika kuwa wapole kwenye vilele. Baada yake upole ukaisha. Kila nilipopaa siku ile nilikuwa namwombea marehemu Miller.

Haya, Millennium Force. Ilifunguliwa mwaka 2000, mita 94, ya kwanza duniani ya mzunguko kamili kuvuka futi 300. Haipandishwi kwa mnyororo bali kwa waya, kwa hiyo hakuna ule mlio wa kukatakata unaokupa muda wa kutubu. Unateleza kwenda juu upesi na kimya mpaka unaona aibu kwamba hujajiandaa. Tulipata kiti cha mbele. Ziwa Erie lote liko mkono wa kushoto, mashua nyeupe zimetulia, upepo safi. Halafu nyuzi 80 kwenda chini, kilomita 150 kwa saa. Machozi yalinitoka yakaenda masikioni. Ni mrembo, hilo silikatai, na kile kiti cha mbele jioni jua likishuka nadhani kinaweza kumfanya mtu achumbie. Lakini ni kasi tupu. Inateleza, inalala kwenye kona, inateleza tena, na kiti nilikaa karibu muda wote. Mpwa wangu aliposikia hivyo alisimama njiani. "Mjomba, hapa watu watakupiga."

Wanipige. Kikongwe Blue Streak, cha mbao, cha mwaka 1964, mita 24 tu, kilinirusha kuliko hilo jitu la buluu. Watu wengi wanakipita wakikimbilia minara. Foleni ilikuwa fupi, tukakaa nyuma, na kila kilima kikatutupa juu kwa ukarimu wa kijijini. Na Magnum XL-200! Mwaka 1989 ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya mzunguko kamili kupita futi 200, na zile mbio zote za kushindana kwa kimo zilizofuata chimbuko lake ni hapo. Inakwenda kando ya ufukwe, chuma cha enzi zake kinagonga kidogo, lakini wakati wa kurudi ina vilima vilivyochongoka vinavyokurusha juu bila salamu. Bibi huyu hana adabu na nimempenda.

Raptor, ambayo unaning'inia chini ya reli huku miguu inaelea, inakupindua mara sita bila kukupa nafasi ya kuhesabu. Maverick ina kimo cha mita 32 tu lakini mteremko wake ni nyuzi 95, yaani reli inajirudi ndani kidogo, halafu ndani ya handaki inakupiga teke la pili la mwendo ulilokuwa huna habari nalo. Top Thrill 2 inakusukuma mbele, inakuacha urudi kinyumenyume, inakupandisha mnara wa nyuma ukitazama ardhi, kisha inakutupa mbele juu ya kile kilele cha mita 128 kwa mwendo wa kilomita 193 kwa saa. Moyo mdomoni, imekwisha. Chipsi za hapa, viazi vilivyokatwa pale pale na kumwagiwa siki, zinastahili foleni yake zenyewe. Kula kabla, si baada. Hapana: kula baada, si kabla.

Halafu kuna Siren's Curse, mgeni wa mwaka 2025, kazi ya Vekoma wa Uholanzi, na hii ndiyo iliyonileta. Sitaficha kwamba nilikuwa na shaka nayo. Kwenye foleni nyuma yetu alisimama mama mmoja wa Kikongo na wanawe wawili wakubwa, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni juu ya suruali. Kila treni iliposimama kule juu alikuwa anasema, "Eh Mungu, hii njo nini?" Wanawe wanacheka. Mimi sikucheka, swali lake lilikuwa langu.

Ni hivi. Inapanda karibu mita 49. Juu kabisa treni inatoka kwenye mnyororo, inasogea mbele polepole kwenye kipande cha reli kilicholala sawa, inasimama. Mbele yako reli imekatika. Haikuinama, haikukunja kona. Imekatika, na baada ya hapo kuna hewa. Breki zinashika. Kimya. Kisha kipande kizima kilichobeba treni, watu na madhambi yao kinaanza kuinama. Taratibu! Ndiyo ukatili wenyewe, ule utaratibu. Nyuzi kumi, thelathini, uzito wote unahama kutoka mgongoni kwenda mapajani, kiatu kinakosa pa kukanyaga, nywele za aliye mbele yako zinaning'inia, mpaka uso umeelekea ardhini kabisa na unasubiri. Chini yako kipande kingine cha reli kiko wima, na hizi mbili lazima zikutane ndipo uachiwe.

"Mjomba, fumbua macho."

"Nimefumbua."

"Hujafumbua, nakuona."

Nikafumbua. Nikaona reli zimekaa sawasawa, nikasikia kitu kikijifunga, na dunia ikaondoka. Kilomita 93 kwa saa, mizunguko miwili ya kujiviringisha ambayo inapita kwa ulaini wa ajabu, hakuna kugongwa masikio, na vilima vya kurusha ambavyo sikuvitegemea hata kidogo. Nilidhani nimeletewa kiini macho cha kuinama, kisha salio la kupoteza muda. Kumbe walipomaliza kuinama ndipo wakaanza kujenga! Ule mteremko unaoshuka kwa hatua, chini, chini tena, chini tena, ulinitoa kitini kila hatua. Yule mama wa kitenge alishuka akiwa anacheka hadi amejishika mbavu, akawaambia wanawe kitu, wote watatu wakageuka wakarudi foleni. Hakuuliza tena hii njo nini.

Wapya mnaokwenda: simu na funguo ziwekeni mbali kabla ya Steel Vengeance, si utani, ile rolakosta inakomba mifuko. Millennium Force pandeni mbele. Siren's Curse kaeni popote, hofu inafika kila kiti.

Mpwa wangu anashikilia kwamba Siren's Curse ni ya kwanza, kwa sababu hakuna kingine pale kinachokufanya ungoje kifo chako ukikitazama. Nimemwambia kuning'inia si kupaa. Tumebishana hilo tangu kwenye chipsi, na jibu lake la mwisho lilikuwa kunivuta mkono turudi Steel Vengeance, safari hii behewa la mwisho kabisa. Huko nyuma ndiko mwende wote. Mabehewa ya mbele yakishaanza kuporomoka yanalivuta la nyuma kwa nguvu, kwa hiyo unang'olewa kitini kabla hata hujafika kileleni, na unabaki hewani njia nzima ya kushuka.