Chini ya Boneti ya Harvard

Watu wakitazama ndege ya mfano ya kivita, huanzia kwenye rangi. Hutaka kujua kama alama za ubavuni ni zenyewe, kama kirubani kimevalishwa miwani, kama ribiti za bawa zimechorwa kwa mistari iliyonyooka. Mimi huanzia puani. Nataka kuona injini imelazwa vipi, moshi unatokea wapi, na hewa iliyopata moto inatafuta njia gani ya kutoka. Kazi hiyo ikifanywa vizuri haionekani kabisa, na ndiyo maana anayeifanya hasifiwi inavyostahili. Leo namsifu.

Nasema habari za ndege ndogo zinazorushwa kwa redio, zilizopunguzwa kwa kipimo kimoja kila mahali. Kikiwa ni moja kwa nane, basi bawa, gurudumu, kioo na hata ngazi ya rubani vyote vimegawanywa kwa nane. Fundi wa mbao anaweza kuitii sheria hiyo mwanzo hadi mwisho. Fundi wa injini hawezi. Moto haugawanyiki kwa nane, wala hewa, wala tone la mafuta linalopita kwenye kabureta. Anapewa chumba kilichopimwa kwa macho ya mtazamaji, kisha anaambiwa aweke humo injini halisi, yenye joto halisi, bila kuharibu sura hata kwa upana wa kidole.

Nichukue Harvard, kwa kuwa ndege hii ina historia nasi. Mwaka 1953 kikosi cha 1340 cha jeshi la anga la Uingereza kilianza kuirusha kutoka Thika, na baadaye Mweiga, kudondosha mabomu ya ratili 20 juu ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya walimokuwa wapiganaji wa Mau Mau. Ilikuwa ndege ya kufunzia marubani, ikaongezewa mabomu na bunduki ya rashasha. Injini yake ilikuwa Wasp ya Pratt & Whitney, aina ya R-1340: silinda 9 zilizopangwa mduara, lita 22, nguvu za farasi 600. Namba ya kikosi na ya injini zimelingana kwa bahati tu. Hiyo ya injini ni ujazo wake kwa inchi za ujazo.

Wapo watakaouliza Mkenya anatafuta nini kwenye ndege iliyodondosha mabomu juu ya msitu wetu. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba hakuna njia ya kuijua mashine inayoshinda kuijenga. Unapopima mahali bomu la kilo 9 liliponing'inia, unapokaa na picha ukitafuta rubani aliona nini mbele ya pua pana namna ile, Hali ya Hatari inakoma kuwa sura ya kitabu cha shule. Unaanza kuhesabu kama alivyohesabu rubani huyo: uzito, mafuta, mwendo. Mwenye kuijenga kwa uaminifu haitukuzi. Anakataa isahauliwe, na naona hiyo ni sababu tosha.

Sasa tuingie chini ya boneti.

Wasp ina kipenyo cha sentimita 131 hivi. Igawanye kwa nane, upate 16 na kidogo; kutoka katikati hadi ukingoni ni kama sentimita 8. Injini ya mfano ya mipigo minne yenye sentimita za ujazo 15, ambayo ndiyo saizi ya ndege kama hii, mara nyingi huwa ndefu kupita hapo, kutoka kwenye kranki hadi kilele cha vali. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi ni kichwa cha injini kielekee wapi. Kikitazama juu, kitatoboa boneti na kila mtu atakiona. Basi wengi hukigeuza chini, au wakakilaza ubavuni kwa mshazari. Hapo shida moja imekwisha na tatu zimezaliwa.

Ya kwanza ni mafuta. Injini iliyopinduliwa hukusanya mafuta kwenye plagi yake, na plagi ya injini hizi haitoi cheche. Ina koili ndogo ya platinamu ambayo huwashwa kwa betri ya volti moja na nusu, kisha ikaendelea kuwaka yenyewe kwa kukutana na methanoli. Ray Arden wa Marekani ndiye aliyeileta sokoni mwaka 1947, na ndiyo iliyozitoa ndege ndogo katika utumwa wa kubeba koili na betri za cheche. Lakini plagi iliyolowa haiwaki. Dawa yake ni tangi: katikati ya tangi pawe sawa na sindano ya kabureta, au chini yake kidogo, ili mafuta yasijimwage yenyewe ndege ikiwa imesimama. Ukiigeuza injini, kabureta imehama, na tangi lazima liifuate. Nimeona ndege nzuri za rangi ya kupendeza zikizimika kila zinapoinua pua, na kosa lote likiwa tangi lililowekwa palipokuwa na nafasi badala ya mahali pake.

Ya pili ni mwelekeo. Ukuta wa injini, ule ubao wa plaiwudi ya milimita 6 uliogandishwa kwa epoksi, hautazami mbele moja kwa moja. Propela inayozunguka kisaa, ukiitazama kutoka kiti cha rubani, huivuta ndege kushoto inapopewa nguvu. Kwa hiyo injini huelekezwa kulia digrii 2 hivi, na mara nyingi chini kidogo pia. Ukiishia hapo, spina ya propela haitakaa tena katikati ya tundu la boneti. Fundi stadi husogeza kitako cha injini kushoto kwa milimita chache kabla ya kukikaza, ili pembe ibaki na macho yasijue.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, nayo ni sailensa.

Sailensa inayokuja na injini dukani ni kopo la aluminiamu linalochomoza ubavuni. Kwenye ndege ya mazoezi haina neno. Kwenye ndege ya kivita ni doa. Spitfire ina vinjia vya moshi pande zote mbili za pua, na hakuna kimoja kinachotosha kupitisha moshi wa injini ya mfano, kwa hiyo fundi hutafuta sailensa ya aina ya Pitts, inayojikunja nyuma ya silinda ndani ya boneti na kutoa vijibomba viwili kwa chini. Harvard imetupa zawadi. Ya kweli ina bomba moja nene la moshi upande wa kulia, nyuma kidogo ya boneti. Moshi wa mfano unaweza kutokea hapohapo ulipotokea wa ndege kubwa. Ni wachache wanaoitumia zawadi hiyo, kwa sababu bomba linapaswa kupinda mara mbili mahali ambapo mkono hauingii.

Bomba la namna hiyo huletewi na posta. Hutengenezwa, na mji wa Kisumu una watu wa kulitengeneza. Mafundi wa jua kali wa Kibuye hukunja bati na kuchomelea vyuma tangu asubuhi, na ukimpa mmoja wao kielelezo cha waya uliopinda sawasawa, anajua la kufanya. Cha kumkumbusha ni joto. Lehemu ya kawaida ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183, na moshi unaotoka kwenye silinda ni wa moto kuliko hapo. Kiungo kiwe cha shaba au cha fedha. Tundu la kutokea nalo lina kipimo chake. Likiwa dogo, injini inakabwa na kuchemka. Likiwa kubwa, kelele inarudi, na msukumo wa moshi unaopelekwa kwa kimrija hadi kwenye tangi, kusaidia mafuta yafike, unapotea. Kisha bolti: aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo bolti iliyokazwa baridi hulegea baada ya injini kuwaka na kupoa. Ikazwe tena. Sailensa iliyolegea ndani ya boneti hula mbao kimyakimya.

Mafundi wa injini za boti wa Port Victoria, Usenge na Dunga wangeelewana na fundi huyu kabla ya chai kupoa. Mashine zao nyingi za mipigo miwili hunywa petroli iliyochanganywa na oili, na moshi wake hupelekwa chini ya maji, ambako ziwa hufanya kazi ya sailensa. Wanajua pia jambo ambalo wanaoanza hawaamini: katika injini ya namna hii mafuta ndiyo yanayolainisha na kusaidia kupoza. Ukibana sindano kupita kiasi ili injini ilie kwa nguvu, umeipunguzia oili vilevile, na pistoni itang'ang'ana kwenye silinda.

Hilo linanileta kwenye hewa yetu. Uwanja wa ndege wa Kisumu uko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa hapa ina uzito wa takribani kilo 1.02; Mombasa, kwa joto hilohilo, ni 1.16. Pungufu ya asilimia 12 hivi. Sindano iliyopimwa pwani itaipa injini mafuta mengi kuliko hewa, nayo itakohoa. Yapunguzwe kidogo, kwa uangalifu ule nilioutaja. Nguvu itapungua vilevile, basi fundi huchagua injini kubwa zaidi. Injini kubwa hutoa joto jingi, na hewa nyepesi hupoza kidogo. Kwa hiyo njia ya hewa ndani ya boneti lazima ifikiriwe upya: tundu la kutokea liwe mara mbili hata tatu ya la kuingilia, na bamba jembamba liwekwe kuilazimisha hewa ipite kwenye mapezi ya silinda badala ya kupita pembeni bure. Pua ya Harvard ina mdomo mpana wa mduara, na wengi hudhani huo unatosha. Hautoshi. Hewa hupenda njia rahisi, na njia rahisi haipiti penye moto.

Kwenye ufuko huu fikra za namna hiyo si ngeni. Shirika la ndege la Imperial Airways lilianza safari zake za kuja Afrika Mashariki Februari 1931, ndege zake za majini zikitua ziwani Kisumu njiani kwenda Mwanza. Mwaka 1937 zikaja zile kubwa za kampuni ya Short, zenye injini nne za Bristol Pegasus, zikipita hapa kati ya Southampton na Durban. Ndugu yao wa kivita ni Sunderland, na ndani yake mna jambo dogo ninalolistahi kuliko bunduki zake zote: vipande vya ukingo wa mbele wa bawa, kando ya injini, hufunguka na kulala kuwa jukwaa la kusimamia fundi. Mchoraji alimkumbuka mwenye spana. Alijua injini itafunguliwa juu ya maji, na kitakachoponyoka mkononi ni mali ya ziwa. Ndege ya mfano ipimwe kwa kipimo hichohicho: je, plagi inafikiwa bila kubomoa, na sindano inazungushwa bila kutia vidole karibu na propela?

Sauti nayo ina sehemu yake. Kampuni ya injini za mfano ya O.S. ya Osaka, iliyoanza mwaka 1936, ilitoa injini yake ya mipigo minne, FS-60, mwaka 1976, na tangu hapo ndege za vipimo zilipata mlio mzito unaokaribia wa kweli, kwa kuwa injini hiyo huwaka mara moja kila mizunguko miwili. Zaidi ya mlio, moshi wake hutoka kwa bomba jembamba linaloweza kupindwa. Kwa Harvard sioni sababu ya kufunga kitu kingine. Injini za umeme ni safi na rahisi, na vijana wengi wataanzia huko, siwalaumu. Ila hazina moshi wa kuongoza wala joto la kutoa, na nusu ya ustadi ninaousifu hapa hauhitajiki.

Baada ya yote hayo huja mizani. Ndege ikiinuliwa kwa ncha mbili za vidole, robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele, ikae sawa. Fundi aliyesukuma injini nyuma ili boneti ifunge vizuri atalipa hapo kwa kuongeza risasi puani, uzito usiofanya kazi yoyote. Aliyepanga mapema ameweka betri mbele, chini ya tangi, na sailensa ya chuma imekuwa ndiyo risasi yake.

Ndege za namna hii zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na zirushwe mbali na njia ya ndege zinazotua ufukoni. Zirushwe asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka.

Nawe msomaji, ukikutana na mwenye ndege ya mfano, msifie rangi kama unavyopenda. Kisha mwombe afungue boneti, umuulize bomba la moshi alilipindaje. Atakueleza kwa furaha, maana karibu hakuna anayemuuliza.