Kamba ya Mbuzi na Minyoo wa Butula

Huko Butula, kaunti ya Busia, mbuzi na kondoo wengi hulishwa kwa kamba. Mashamba ya Wamarachi ni madogo, yamejaa muhogo, mahindi na miwa, na mnyama akiachwa huru ugomvi na jirani haukawii. Kigingi huchomekwa alfajiri ukingoni mwa shamba au kando ya barabara, nyasi zikiwa bado na umande, na mara nyingi hubaki pale pale wiki nzima. Utaratibu huu hudhuru mifugo kuliko hata ukosefu wa dawa.

Adui mkuu katika eneo lenye misimu miwili ya mvua ni Haemonchus, mnyoo anayeishi katika tumbo la nne la mnyama na kunyonya damu. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi, na baada ya siku saba hivi mabuu hupanda majani mafupi yaliyolowa. Mbuzi asiyehamishwa hula nyasi hadi shinani, kisha humeza mabuu yaliyotokana na kinyesi chake mwenyewe. Minyoo elfu moja huweza kunyonya takriban mililita 50 za damu kwa siku, na mwanakondoo hastahimili hasara hiyo kwa muda mrefu. Mradi wa IDEAL, uliofuatilia ndama 548 wa Busia na maeneo jirani kuanzia 2007 hadi 2010, uliwakuta minyoo wa jamii hii wakiua ndama wengi pia, nyuma ya ndigana kali tu.

Tiba ya kwanza basi ni kukihamisha kigingi. Mnyama asikae mahali pamoja zaidi ya siku tatu, na pasirudiwe kabla ya wiki tano au sita, maana katika joto na unyevu mabuu mengi hufa kwa muda huo. Afungwe malishoni umande ukishakauka. Mbuzi kwa asili ni mla majani ya juu, hivyo matawi ya kaliandra au lusina na marando ya viazi vitamu yakitundikwa usawa wa mdomo humwepusha na nyasi za chini. Majani ya muhogo mchungu yanyaushwe kwanza, kwa kuwa mabichi yana sumu ya sianidi. Usiku, banda lenye sakafu ya fito iliyoinuliwa, yenye nafasi za kinyesi kudondoka, huwaweka wanyama pakavu.

Dawa hufuata, tena kwa kuchagua. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Afrika Kusini walibuni FAMACHA, kadi yenye rangi tano kutoka nyekundu hadi nyeupe. Kope la juu hubonyezwa taratibu kwa kidole gumba, la chini huvutwa kwa gumba la pili, na utando wa ndani hulinganishwa na kadi juani. Wenye utando uliopauka ndio wanaopewa dawa. Kuwanywesha wote kila mara huacha hai minyoo sugu peke yao, na baada ya muda chupa ya agroveti haifui dafu. Kosa jingine la kawaida ni kumpa mbuzi kipimo cha kondoo: mwili wa mbuzi huiondoa albendazole upesi zaidi, kwa hiyo madaktari wa mifugo hupendekeza takriban maradufu. Mwenye mimba changa asipewe dawa hiyo. Mnyama akibaki amepauka hata baada ya kutibiwa, achunguzwe nagana, kwani Busia ina historia ndefu ya mbung'o.

Mbegu nayo ina uzito wake. Utafiti uliofanywa Diani, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990 ulionyesha kondoo Wekundu wa Kimasai wakiwastahimili minyoo vizuri kuliko Dorper, na mbuzi wadogo wa kienyeji kuliko Galla. Dume wa Dorper au Toggenburg huongeza nyama au maziwa, lakini uzao wake unafaa zaidi bandani kuliko kwenye kamba. Kwa malisho ya kamba, dume bora ni yule ambaye mamaye hubaki na macho mekundu bila dawa.

Mnyama mgeni yeyote kutoka soko la Bumala atengwe wiki tatu, achunguzwe kikohozi, makamasi na kuhara, kwa sababu homa ya mapafu ya mbuzi, na sotoka ya mbuzi na kondoo iliyothibitishwa Turkana katika miaka ya 2006 na 2007, haziponi kwa dawa ya minyoo. Kinga ya magonjwa hayo ni chanjo.